Mtoto na Kioo: Nani Anayemwamuru Mwenzake?

Katika nyumba nyingi za miji yetu, tangu Mombasa na Dar es Salaam hata miji midogo ya bara, hakuna shauri linalorudiwa baina ya wazazi siku hizi kama hili la mtoto na simu, na aghalabu shauri lenyewe huishia katika kuhesabu saa. Kwa wachanga hesabu hiyo ina haki yake, maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka 2 asiketishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku. Lakini kwa mtoto wa darasa la nne au la tano, ambaye akili yake imekwisha kufunguka, naona lipo swali bora kuliko la saa: katika muda huo, ni nani aliyemwamuru mwenzake, mtoto au mashine?

Swali hili lilimshughulisha mno Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, ambaye zamani zile kompyuta ilipokuwa bado dude la kujaza chumba, alitunga pamoja na wenzake, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig, lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo. Hiyo ilikuwa mwaka 1967. Kutokana na fikra hizo ilizaliwa lugha nyingine ya watoto, Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Mitchel Resnick na jamaa zake wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Nayo hutolewa bure, huweza kutumika bila intaneti ikisha kupakiwa, na amri zake zaweza kusomwa kwa Kiswahili.

Mtoto akiifungua humkuta paka katika uwanja mweupe, na kando yake vibao vya amri vya rangi mbalimbali, ambavyo huviburuta na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Akisha kumpa paka kalamu, humwamuru aende hatua 100, ageuke nyuzi 90, arudie mara 4, na mraba hutimia. Furaha huwa kubwa, lakini elimu iliyo kubwa zaidi humngoja katika pembetatu. Darasani ameambiwa kwamba kila pembe ya pembetatu yenye pande sawa ni nyuzi 60. Basi huandika 60, akaamuru mara 3, na paka huishia njiani, akaacha umbo lililo wazi, ambalo kwa hakika ni nusu ya umbo la pande 6. Hapana wa kumkaripia wala alama nyekundu daftarini. Asipoharakishwa, atanyanyuka kitini, atembee sakafuni kwa miguu yake njia ile ile ya paka, hata atambue kwamba afikaye konani hageuki kwa kipimo cha pembe ya ndani, bali kwa kile kilichobaki nje yake, nyuzi 120. Maarifa yaliyopatikana hivyo hayasahauliki.

Kazi ya mzazi hapo ni ngumu kwa kuwa ni ya subira: asikishike kipanya, asitoe jibu, ila aulize, “Mwanangu, ulitaka paka afanye nini, naye amefanya nini?” Asiye na kompyuta asikate tamaa, kwani ndugu wawili waweza kuanza kwa mmoja kufumba macho, na mwenziwe kumwongoza mpaka mlangoni kwa amri za hatua na mageuko tu. Na tujihadhari na michezo mingi ijiitayo ya elimu, ambayo mtoto hugusa tu na kutunukiwa nyota. Hiyo humzoeza kutii.

Kenya iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari, jambo la kupongezwa kwa dhati, ingawa mtaala hauwezi kitu palipo na shule isiyo na umeme wala kompyuta, na wajibu wa kuvifikisha ni wa serikali zetu. Wajibu wa nyumbani ni wetu. Mzazi mwenzangu, jioni ya leo mwombe mwanao akuonyeshe kitu alichokitengeneza mwenyewe; na kama hana, keti naye mkianze.