Pumziko Kwanza, Kilomita Baadaye

Mwaka 2003 kundi la waendesha baiskeli liliondoka Cairo likaelekea Cape Town, kilomita zipatazo 12,000, safari ya miezi minne hivi. Msafara huo, Tour d'Afrique, ulioanzishwa na Henry Gold wa Kanada na wenzake, umerudiwa mara nyingi tangu hapo, na watu wa Marsabit, Nanyuki, Arusha na Iringa wamewaona wageni hao wakikanyaga pedali huku mizigo yao ikisafiri kwa malori. Miongoni mwao hawakosekani wenye mvi. Si ajabu, maana miezi minne mfululizo mbali na kazi ni utajiri ambao wastaafu wanao na vijana wengi hawana.

Muda upo, basi. Mwili je?

Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa Amiens mwaka 1911, alirudi kwenye baiskeli kwa dhati akikaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka uwanja wa mbio za baiskeli kwa saa moja akafikisha kilomita 24.25. Mwaka 2014 alirudi uwanjani, na safari hii saa moja ilimfikisha kilomita 26.927. Mtaalamu wa fiziolojia Véronique Billat alikuwa amempangia mazoezi ya kilomita 5,000 kwa mwaka: asilimia 80 kwa mwendo mwepesi, asilimia 20 kwa kujikaza. Vipimo vilionyesha kuwa kiasi cha juu cha oksijeni ambacho mwili wake uliweza kutumia kiliongezeka kwa asilimia 13, na nguvu yake ya juu ya kukanyaga ikapanda kutoka wati 90 hadi 125. Hayo yalitokea baada ya mtu kutimiza karne.

Marchand alikuwa mmoja tu. Lakini watafiti wa King's College London na Chuo Kikuu cha Birmingham waliwapima waendesha baiskeli 125 wa miaka 55 hadi 79, wanaume walioweza kumaliza kilomita 100 chini ya saa sita na nusu na wanawake walioweza kilomita 60 chini ya saa tano na nusu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa misuli yao haikuwa imepungua kama ilivyotarajiwa kwa umri wao, na tezi ya thimasi, ambayo kwa kawaida husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, iliendelea kuzalisha seli za kinga kwa kiwango kilichokaribia cha vijana. Ni kweli watu hawa walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima. Hata hivyo, inaonekana wazi kwamba lawama nyingi tunazoutupia uzee zinastahili kuangukia kiti.

Yapo ambayo umri huchukua kweli. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hushuka hata kwa mwanariadha. Kanuni moja inayotumika sana ni 208 kutoa asilimia 70 ya umri: mtu wa miaka 30 ana kama mapigo 187 kwa dakika, wa miaka 65 kama 162. Kwa hiyo mlima uleule humfikisha mzee karibu na kikomo chake mapema zaidi. Kwenye bonde la Abay huko Ethiopia, ambako barabara huteremka zaidi ya mita elfu moja kisha kupanda tena upande wa pili, tofauti hiyo husikika kifuani. Dawa yake ni gia nyepesi sana, nyepesi kuliko fahari ya mwendeshaji inavyopenda, na kasi inayomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazopunguza mapigo ya moyo afuate kipimo hicho cha mazungumzo badala ya saa ya mkononi, kwa kuwa mapigo yake hayatapanda ipasavyo hata akiwa amechoka kabisa.

Hapo ndipo gari la msaada linapostahili heshima yake. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake, jumla kilo 85. Akibeba mizigo ya kilo 20, kazi ya kupanda mlima huongezeka kwa karibu robo. Gari likiichukua, robo hiyo inabaki miguuni kwa ajili ya kesho.

Na kesho ndiyo yenye uzito. Misuli ya mzee hujijenga upya polepole zaidi baada ya kazi, na huhitaji protini nyingi zaidi katika mlo mmoja ili kuanza kujijenga: maharage, mayai, samaki, maziwa, tena jioni ileile. Kwa sababu hiyo ratiba nzuri huanza kwa kupanga siku za kupumzika, kisha kilomita zikajaza nafasi zinazobaki. Katika Tour d'Afrique kuna heshima ya pekee kwa anayeendesha kila inchi bila kupanda lori hata siku moja. Kwa aliyepita miaka 60 heshima hiyo ni mtego. Kupanda gari siku ya homa au ya goti lililovimba ni sehemu ya mpango.

Kiu nayo hupungua uzeeni, hivyo mwili hukauka kabla mtu hajatamani maji. Kwenye joto la jangwa kati ya Moyale na Marsabit, maji hunywewa kwa kufuata saa, pamoja na chumvi kwenye chakula. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo mipaka mingi ya Afrika huulizia cheti chake, ina hatari kubwa zaidi ya madhara makali kwa waliopita miaka 60. Mazungumzo na daktari yafanyike miezi kadhaa kabla. Na kwa kuwa baiskeli haiitikisi mifupa, mazoezi ya kunyanyua uzito yanahitajika pembeni, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Si lazima kuanza na Cairo. Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa ni lami, kilomita 400 na ushei. Siku ya kwanza Makuyuni, kama kilomita 80. Ya pili Babati, kisha siku nzima ya kupumzika kando ya ziwa. Halafu vilima vya kuelekea Kolo, na pumziko jingine la kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Zinabaki kama kilomita 180 hadi Dodoma, siku mbili za taratibu. Pikapu moja ya kukodi inatosha, itangulie kilomita 20 na kusubiri kivulini ikiwa na maji, dawa na viti. Kabla ya kuondoka, dereva apewe orodha ya hospitali za njiani, na wasafiri wakubaliane ni nani kati yao mwenye kauli ya mwisho ya kumwambia mwenzake, "Mzee, leo panda gari."