Kuvu Jichoni na Dawa ya Matone

Jani la mahindi linapomkwaruza mvunaji jichoni, kuvu hupata upenyo wa kuingia kwenye konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Viuavijasumu, ambavyo wengi hukimbilia, haviui kuvu. Matone yenye steroidi ni hatari zaidi: wekundu hutulia ilhali kidonda kinazidi kuchimba. Dawa mwafaka ni natamisini ya asilimia 5, iliyoingizwa mwaka wa 2017 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chupa hutikiswa kwanza, maadamu dawa yenyewe hutuama chini. Siku za mwanzo hutiwa kila saa moja au mbili, kisha matibabu huendelea kwa majuma kadhaa. Kwa kuwa haipenyi sana, anayechelewa huenda akahitaji kupandikizwa konea nyingine.