Kompyuta Kuukuu Bila Kibodi wala Skrini

Kompyuta za ukoo wa IBM PC, ulioanza kuuzwa mwaka 1981, ziliundwa kwa kudhani kwamba daima atakuwapo mtu ameketi mbele yake, na dhana hiyo ndiyo inayomkwamisha anayetaka kuigeuza mashine kuukuu kuwa seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine kupitia mtandao huku yenyewe imewekwa kando bila kibodi wala skrini. Kabla ya mfumo endeshi kupakiwa, programu ya msingi iliyomo katika chipu ya ubao mama, iitwayo BIOS, hukagua kumbukumbu, kadi ya video na kibodi. Skrini yenyewe kwa kawaida si kikwazo, mradi kadi ya video ipo. Kibodi ikikosekana, kompyuta nyingi za zamani husimama papo hapo na kuandika kwamba kibodi haikuonekana, hivyo mtumiaji abonyeze F1 ili aendelee; agizo hilo limewachekesha mafundi kwa miaka mingi, maana kitufe hicho kimo katika kibodi ileile isiyokuwapo.

Kampuni ya Sun ya Marekani ilifikiri mbali zaidi. Kompyuta zake za SPARC, zikiwashwa bila kibodi, huhamishia mawasiliano yote kwenye mlango wa siriali, yaani tundu linalopitisha data biti moja baada ya nyingine, kwa kawaida kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na fundi mwenye waya na kompyuta ya pili huona kila kitu tangu mwanzo.

Kwa PC, kibodi na skrini huazimwa kwa muda, BIOS ikafunguliwa, mara nyingi kwa kitufe cha Delete, kisha ikaamriwa isisimame kwa kosa la kibodi na, kama chaguo hilo lipo, ijiwashe umeme unaporudi. Baada ya hapo mashine huendeshwa kwa SSH, njia ya mawasiliano yaliyosimbwa iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995.

Kinachosahaulika ni betri. Katika mashine nyingi mpangilio huo hutunzwa na kidonge cha CR2032 chenye volti 3, ambacho kikiisha nguvu, siku umeme ukikatika BIOS husahau yote iliyoagizwa na kuanza tena kudai F1, wakati mwenye seva anaona tu kwamba haipatikani mtandaoni na kuanza kuulaumu mtandao.