Goti la kreseri na kipande cha kikwembe

Ukisimama pembeni ya barabara hapa Kashebere saa ya jioni, wakati wakreseri wanarudi, usiangalie nyuso zao. Angalia magoti. Patalo karibu zote ni za jinzi, zimetoka kwenye balo la chaguwa, na karibu zote zimepasuka fasi moja: goti la kuume kwanza, halafu la kushoto, kiisha katikati ya miguu. Sababu inajulikana. Mwenye kuingia shimoni hatembei, anatambaa. Goti ndilo kisigino chake.

Huko Goma kuna vijana wanalipa feza nyingi kwa jinzi iliyopasuliwa tayari kiwandani. Mama mmoja mwenye kushona karibu na soko alicheka nilipomuambia hivyo. "Yaya, batoto ba Goma banauza tundu," akasema. "Siye huku tundu tunapata ya bule."

Katika sendika tunaongea sana: bei ya kilo, taksi, barrière, mizani yenye kudanganya. Juu ya goti hatuongei. Leo nataka kuongea juu ya goti, na juu ya kiraka chenye kulifunika, maana nimeona wandugu wanaaibika kuvaa kiraka na hawaaibiki kuonyesha kidonda.

Kwanza tujue hii nguo ilitoka wapi. Karibu mwaka 1870, katika mji wa Reno, kule Nevada, Marekani, mwanamke mmoja alienda kwa fundi wa kushona jina lake Jacob Davis. Bwana yake alikuwa mkata miti, na patalo zake zilikuwa zinapasuka siku zote. Davis akapigilia misumari midogo ya shaba kwenye pembe za mifuko, fasi ambako kitambaa kinavutwa sana. Patalo ikakaa. Watu wakaitaka. Yeye hakuwa na feza ya kulipia breve, basi akaandikia mwenye kumuuzisha vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, na wote wawili wakapata breve tarehe 20 mwezi wa tano mwaka 1873. Wakata miti, wachunga ng'ombe na wachimba madini ndio waliivaa. Ile misumari midogo ungali unaiona kwenye mifuko ya patalo yako. Ni shaba, wandugu wa Kolwezi wanaijua vizuri. Basi jinzi ni nguo yetu tangu mwanzo. Vijana wa mjini ndio wameiazima.

Lakini Davis alikaza mifuko, magoti aliyaacha.

Angalia jinzi yako fasi imeanza kuchoka. Uzi wa bluu unasimama kutoka juu hadi chini, uzi mweupe unalala. Ule wa bluu ndio uko juu ya kitambaa, ndio unasugua jiwe, na ndio unakatika wa kwanza. Kunabaki nyuzi nyeupe zimelala kama ngazi. Watu wengi wanazikata wakisema ni uchafu. Usizikate. Zile nyuzi ndizo zitashika kiraka. Na saa ya kushona ni hiyo, mbele ya tundu kufunguka. Ukingoja mpaka goti litoke lote, kazi inakuwa mara tatu.

Wamama wa hapa wanatumia kikwembe. Katika kila nyumba kuna mabaki: fundi ameshona libaya, kumebaki kipande cha mkono mmoja, kinawekwa chini ya kitanda. Kikwembe ni pamba nzuri, lakini ni chepesi kuliko jinzi, basi sharti ukikunje mara mbili. Na kabla ya yote ukifue. Kitambaa kipya kinajikunja kikipata maji, na mtaani wetu maji ni kila siku. Katika Injili ya Matayo, sura ya 9, Yesu anaongea juu ya kiraka kipya kwenye nguo ya zamani. Wasikilizaji wake walielewa mara moja, maana walikuwa wanajua kushona. Kile kipya kinavuta, kile cha zamani kinapasuka zaidi. Dawa ni kufua mbele, na kukata kiraka kikubwa: vidole viwili kupita tundu kila upande, mpaka ushike kitambaa ambacho kingali na nguvu. Kiraka chenye kuishia penye uchovu kinahamisha tundu tu, kinalipeleka pembeni.

Ingiza chupa au kipande cha ubao ndani ya mguu wa patalo, usije ukashona mbele na nyuma pamoja (imetokea, na mwenye patalo alijaribu kuivaa saa kumi na moja ya asubuhi gizani, tukacheka mpaka machozi). Shikisha kiraka kwanza na nyuzi za muda. Kiisha ushone mistari, mmoja pembeni ya mwingine, sindano ikiingia na kutoka kwa urefu wa punje ya mchele, kutoka upande mmoja wa kiraka hadi mwingine. Usivute uzi kwa nguvu, kitambaa kitajikunja kama uso wa mzee. Uzi upitishe kwenye buji, unapita vizuri na maji hayaumalizi upesi. Uzi wa kufumua kwenye mifuko ya plastiki uachane nao. Ni mgumu kuliko pamba, nao unaikata polepole. Fundo liweke mbali na mfupa wa goti. Fundo moja dogo, ukilipigia magoti siku nzima, linakuwa jiwe.

Pembe za kiraka uzizungushe, zisibaki kali. Hili silisemi kwa ajili ya uzuri. Pembe iliyofumuka, ao nyuzi zenye kuning'inia, zinashikwa na miti yenye kukazia shimo. Kwenye njia nyembamba, mwili ukiwa umelala, mkono haufiki nyuma kuachilia nguo. Kila mwenye kushuka chini anaelewa ninaongea nini.

Mistari hii ya sindano si ya kwetu peke yetu. Kaskazini ya Japani, fasi ya baridi kali ambako pamba ilikuwa ghali, wakulima maskini walipanga matambara moja juu ya lingine na kuyashona yote pamoja kwa mistari ya uzi mweupe juu ya bluu. Kushona huko wanakuita sashiko. Walitafuta joto na nguvu. Leo nguo zao zilizojaa viraka ziko katika nyumba za makumbusho, watu wanalipa kuziangalia.

Na hapo ndipo kuna jambo kubwa. Matambara matatu yaliyoshonwa pamoja ni godoro dogo. Goti lenye kupigwa na jiwe kila siku linavimba, linajaa maji, mwisho halikunjiki tena. Kule Uingereza wachimba makaa waliugua vile vile, na tangu mwanzo wa miaka ya 1900 sheria yao ilikubali kwamba uvimbe ule ni ugonjwa wa kazi, mgonjwa alipwe. Kwetu kreseri akivimba goti, tunasema amezeeka. Ana miaka 30.

Hapa wamama wawili watatu wameanza kushona kiraka cha namna hiyo: ndani tabaka mbili za blanketi la zamani, juu kikwembe, mistari ikipita yote. Kinakuwa kizito kikilowa na kukauka kunachelewa, huo ni ukweli. Lakini wenye kukivaa hawataki kurudia patalo bila kitu. Na kwa sababu mama anachagua rangi, kuna kijana anashuka shimoni akiwa na tausi kwenye goti la kuume na maua ya njano kwenye la kushoto. Wenzake walimcheka siku mbili. Siku ya posho watatu wakaenda kutafuta yule mama.

Lakini kiraka kisiwe njia ya kumponyesha PDG wa shimo. Tunajua hesabu: mbele ya kugawana, gharama zinatoshwa. Chakula kinahesabiwa, mafuta ya mashini ya kuvuta maji yanahesabiwa, pile za tochi zinahesabiwa. Nguo haihesabiwi, bote haihesabiwi. Sheria ya madini inamwambia mwenye karte ya kreseri afuate kanuni za usalama na afya, lakini kwenye karatasi yeye anajifanyia kazi mwenyewe, basi usalama wote unabaki juu ya mfuko wake, yaani juu ya sindano ya mke wake. Tumeomba kitu kidogo: patalo moja kwa kila mwenye kushuka, na feza ya kushona magoti yake, viandikwe kwenye daftari la gharama za shimo pembeni ya pile. PDG mmoja alijibu kwamba akianza na patalo, kesho tutaomba na soksi.

Soksi tutaziomba mwezi ujao.