Kurekodi maonyesho ya muziki kwa simu na hakimiliki

Kurekodi maonyesho ya muziki kwa simu ni kitendo cha mtazamaji kuchukua video au sauti ya wasanii wakiwa jukwaani. Katika miji kama Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, jambo hili huonekana kwenye matamasha, harusi na ngoma za mitaani. Watu wengi hudhani kuwa anayeshika simu, au aliyelipa kiingilio, ndiye mwenye haki zote juu ya video. Kisheria sivyo.

Haki zilizomo katika onyesho moja

Wimbo unapoimbwa jukwaani kuna haki zaidi ya moja:

* Mtunzi wa maneno na muziki ana *hakimiliki*.
* Mwimbaji na wapigaji ala wana *hakishiriki*, yaani haki juu ya utendaji wao, hata kama wimbo ulitungwa na mtu mwingine.
* Aliyerekodi anaweza kuwa na haki juu ya picha alizopiga, lakini haki hiyo haifuti zile mbili za kwanza.

Kwa hiyo ruhusa ya mwimbaji peke yake haitoshi ikiwa wimbo ni wa mtunzi mwingine.

Sheria ya Tanzania

Tanzania Bara hutumia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo ilianzisha COSOTA, kwanza kama Chama cha Hakimiliki na tangu mwaka 2022 kama Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kazi hulindwa tangu inapobuniwa. Kusajili COSOTA si sharti la kuwa na haki, ila husaidia kutoa ushahidi penye mgogoro. Jambo hili lina uzito katika singeli, ambapo mwimbaji huweza kutunga maneno papo hapo mbele ya watu. Kurekodi na kurusha utendaji wake kunahitaji idhini yake.

Matumizi binafsi na kusambaza

Sheria huacha nafasi kwa matumizi binafsi, mafundisho, na vipande vifupi vya kuripoti habari. Mtu anayetunza video simuni ili aitazame nyumbani yuko mbali na yule anayeiweka mtandaoni, anayeirusha mubashara au kuiuza. Huyu wa pili anaufikishia umma kazi ya mwingine, hata kama hapati fedha.

Hasara kwa msanii ni ya kweli. Wimbo mpya ukijaribiwa jukwaani kisha ukasambaa kabla haujatoka rasmi, watu huusikia kwa sauti mbovu, na mapato huweza kwenda kwa mwenye akaunti. Mwenye haki anaweza kuutaka mtandao kama YouTube uiondoe video, au kufungua shauri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kutumia kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu.

Masharti ya ukumbi

Katazo la kurekodi lililoandikwa kwenye tiketi au mlangoni ni sharti la makubaliano kati ya mwandaaji na mtazamaji. Mwandaaji anaweza kumtoa anayelivunja hata kama video ni ya matumizi binafsi. Vilevile, kukosekana kwa katazo si idhini ya kusambaza.

Ngoma za asili

Ngoma kama mdundiko wa Wazaramo haina mtunzi mmoja anayejulikana. Hata hivyo, sheria ya 1999 inalinda sanaa za jadi: kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila kunahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Wachezaji nao hubaki na haki juu ya utendaji wao.

Sehemu nyingine

Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA. Kenya ina sheria ya mwaka 2001 chini ya KECOBO. Huko wimbo hulindwa ukishaandikwa au kurekodiwa. Uganda ina sheria ya mwaka 2006. Kimataifa, Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 ulikuwa wa kwanza kuwapa watendaji kinga dhidi ya kurekodiwa bila ridhaa, miaka mingi kabla ya simu zenye kamera.