Sindano za Makunyanzi: Ipi kwa Kunyanzi Lipi?

Miongoni mwa sumu zote zijulikanazo na wanasayansi, ile itengenezwayo na bakteria aitwaye Clostridium botulinum ni mojawapo ya zilizo kali kabisa. Chakula kilichohifadhiwa vibaya ndani ya kopo chaweza kuwa nayo, na mtu akikila huweza kupooza misuli ya kupumulia, akafa. Hata hivyo, sumu hiyo hiyo, ikiwa imezimuliwa mno, leo hudungwa kwa makusudi katika paji la uso la mtu anayetaka kuondoa makunyanzi. Wengine, kwa shabaha iyo hiyo, hudungwa vitu vya kujaza ngozi. Huduma hizi zimeenea duniani, na hutolewa pia katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam. Je, anayezikusudia achague vipi? Hawezi kuchagua kwa busara kabla ya kujua kunyanzi lenyewe limetokana na nini.

Asili tatu za makunyanzi

Asili ya kwanza ni misuli. Mwanafunzi na asimame mbele ya kioo, akunje uso kama mtu aliyekasirika. Mistari ya wima itatokea katikati ya nyusi. Akiulegeza uso, itatoweka. Kwa mtu wa makamo mistari hiyo hubaki hata uso unapotulia, kwa kuwa ngozi imekunjwa mahali pale pale mara nyingi zisizohesabika.

Asili ya pili ni kupungua kwa vitu vilivyo chini ya ngozi. Miaka ipitapo, mafuta ya mashavu hupungua, na hata mifupa ya uso husinyaa kidogo. Ngozi hukosa egemeo, ikalegea na kufanya mkunjo mrefu kutoka pembeni mwa pua hadi mdomoni.

Asili ya tatu ni jua. Mionzi yake isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno, huharibu kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara. Mtazame mzee yeyote: ngozi ya mkono wake karibu na kwapa ni laini kuliko ile ya shingo, ingawa zote zina umri mmoja. Melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi nyeusi, hupunguza madhara hayo, lakini haiyazuii yote.

Sumu ilegezayo misuli

Mwaka 1980 Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, Marekani, alichapisha matokeo ya kutumia sumu hii kutibu makengeza. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aliitumia kwa wagonjwa ambao kope zao zilijifumba zenyewe, na mwaka 1987 ikagunduliwa kwamba pia iliondoa mistari ya katikati ya nyusi. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha utafiti wao mwaka 1992. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2002.

Neva huuamuru msuli ujikunje kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hukata protini inayowezesha kemikali hiyo kutoka. Amri haifiki, nao msuli hulegea. Baada ya miezi 3 au 4 hivi, neva huirudia kazi yake. Basi sindano hii hufaa kwa makunyanzi yatokanayo na misuli. Haiwezi kulijaza shavu lililobonyea.

Vitu vya kujaza

Kwa shavu kama hilo hutumika vijazio. Kolajeni ya ng'ombe iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, lakini ilibidi ijaribiwe kwanza mkononi, kwani miili ya baadhi ya watu iliikataa. Nafasi yake imechukuliwa hasa na asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliipata katika jicho la ng'ombe mwaka 1934. Asidi hii imo pia katika ngozi yetu, nayo hushika maji mengi. Ikitiwa chini ya mkunjo, huuinua kwa miezi 6 hadi mwaka au zaidi. Tena kuna kimeng'enya, hayaluronidasi, kiwezacho kuiyeyusha kosa likitokea.

Vijazio vingine, kama asidi ya polilaktiki, huichochea ngozi itengeneze kolajeni yake yenyewe. Matokeo huja polepole na hudumu zaidi. Lakini hakuna kimeng'enya cha kuviyeyusha. Hivyo kudumu si sifa tupu: kosa nalo hudumu.

Hatari

Sumu ikisambaa kupita mahali pake, kope huweza kuanguka kwa wiki kadhaa. Kijazio kikiziba ateri, ngozi iliyotegemea damu ile hufa. Karibu na pua na nyusi, ateri za uso zimeungana na zile za jicho. Kijazio kikifika huko, mtu huweza kupofuka mara moja. Silikoni ya majimaji, ambayo wadunganaji wa vichochoroni huitumia kwa kuwa ni rahisi, hubaki mwilini, huhama, na huleta uvimbe. Aidha, mwenye ngozi nyeusi huweza kubaki na madoa palipodungwa, na mwenye kawaida ya kuota keloidi hana budi kumwambia daktari mapema.

Kwa hiyo anayekusudia sindano na aulize: Kunyanzi langu limetokana na nini? Ninadungwa kitu gani, na kitadumu muda gani? Je, chaweza kuondolewa? Anidungaye ni daktari aliyefundishwa, mwenye dawa ya kuokoa karibu naye? Asiyepata majibu asikubali kudungwa. Na kwa kijana ambaye uso wake bado haujakunjamana, kofia pana na kivuli cha mwembe saa sita mchana humkinga na asili ya tatu, ile ambayo sindano hizi huirekebisha kwa shida.