Kutengwa na Kujitenga: Usawiri wa Walio Wachache Katika Vichekesho vya Runinga

Swali la usawiri wa jamii za walio wachache hujitokeza kila mara katika mijadala ya darasani. Aghalabu mtahiniwa huhesabu wahusika wa jamii husika, akasema ni wachache au wamedunishwa, kisha akahitimisha. Wengine huongeza kwamba jamii hiyo "imejitenga yenyewe". Makala haya yananuia kuonyesha kwamba majibu ya aina hiyo hayatoshi. Tutatumia mfano wa Wamarekani Weusi katika vichekesho vya runinga ya Marekani, kwa kuwa historia yake inajulikana vyema na baadhi ya vipindi hivyo vilitazamwa hata hapa Kenya.

Tuanze na neno lenyewe. Kutokana na kitenzi "tenga" tunapata "tengwa", ambapo mtenda ni mtu mwingine, na "jitenga", ambapo mtenda ndiye mtendwa. Tofauti hii ya sarufi ni tofauti ya hukumu pia. Anayesema jamii imejitenga ameitwika lawama. Basi kabla ya kuandika "imejitenga", mhakiki hana budi kuuliza: ni nani aliyeufunga mlango kwanza?

Kusemewa na wengine

Mchezo wa Amos 'n' Andy ulianza redioni mwaka 1928. Wahusika wake walikuwa Weusi, lakini waigizaji wakuu, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa Wazungu walioiga lafudhi ya Weusi ili kuchekesha. Ulipohamia runinga ya CBS mwaka 1951, waigizaji Weusi walichukua nafasi hizo, lakini wahusika wakabaki walewale: wajinga, wavivu na walaghai. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kililalamika, na mchezo ukakoma kutengenezwa mwaka 1953. Funzo hapa ni kwamba kubadilisha sura ya mwigizaji hakubadilishi mtazamo wa mtunzi.

Kukubalika kwa masharti

Mwaka 1968 NBC ilianza kuonyesha Julia, ambamo Diahann Carroll aliigiza muuguzi mjane anayemlea mwanawe. Huyu hakuwa mtu wa kudharauliwa hata kidogo. Hata hivyo, wapo waliolalamika kwamba maisha yake yalikuwa mbali mno na misukosuko ya Weusi wa wakati huo. The Cosby Show (1984–1992) nacho kilisawiri familia ya baba daktari na mama wakili, kikaongoza kwa idadi ya watazamaji nchini kote kwa miaka kadhaa. Kilivunja dhana potovu nyingi. Lakini mhusika anayelazimika kuwa mwema daima ili jamii yake isiaibike naye pia amefungwa. Ubapa wa sifa njema ni ubapa vilevile.

Vipindi vya kwao

Katika miaka ya 1990 hali ilichukua sura mpya. Living Single kilianza Fox mwaka 1993, kikihusu marafiki sita Weusi wanaoishi Brooklyn. Mwaka uliofuata NBC ilianzisha Friends, kuhusu marafiki sita Wazungu wanaoishi katika jiji hilohilo la New York. Ni kana kwamba makundi haya mawili hayakuwahi kukutana barabarani. Vituo vidogo vya UPN na WB, vilivyoanzishwa mwaka 1995, viliendeleza mkondo huo kwa vipindi kama Moesha (1996) na Girlfriends (2000).

Je, huku ni kujitenga? Mwaka 1999, NAACP ikiongozwa na Kweisi Mfume ilieleza kwamba kati ya vipindi vipya 26 vilivyopangwa na vituo vinne vikuu, hakuna hata kimoja kilichokuwa na mhusika mkuu kutoka jamii za walio wachache. Mtu aliyefungiwa nyumba kubwa akajenga kibanda chake uani hawezi kulaumiwa kwa kupenda upweke.

Kibanda hicho kilikuwa na faida ya kifani. Katika Girlfriends, iliyobuniwa na Mara Brock Akil, wanawake wanne Weusi wanahitilafiana kwa tabia, kazi na tabaka. Kwa kuwa hakuna mmoja anayebeba jina la jamii nzima, kila mmoja anaweza kukosea, kubadilika na kuwa mhusika duara. Hasara yake ni kwamba kibanda hubomolewa kwa urahisi. Mwaka 1994 Fox ilikatiza vipindi kadhaa vya Weusi, vikiwemo Roc na South Central. UPN na WB zilipoungana mwaka 2006, vingine vikafa. Girlfriends chenyewe kilikoma mwaka 2008 bila sehemu ya kuhitimisha hadithi.

Mwongozo kwa mwalimu na mtahiniwa

Anapochambua usawiri, katika runinga au katika tamthilia na riwaya, mtahiniwa ajiulize maswali manne. Mosi, nani ametunga? Pili, hadhira iliyolengwa ni ipi, na inacheka pamoja na mhusika au inamcheka? Tatu, mhusika huyo ana hulka yake binafsi, au amepewa lafudhi na kazi tu? Nne, iwapo jamii inaonekana pekee, imejitenga au imetengwa?

Jibu dhaifu litasema: "Mwandishi amewadunisha walio wachache kwani wanaonekana mara mbili tu." Jibu bora litasema: "Mhusika huyu anatambuliwa kwa lafudhi yake pekee. Hapewi nia wala uamuzi wowote unaoathiri msuko, hivyo anabaki chombo cha kuchekesha wengine." Jibu la pili limetoa ushahidi na kuunganisha maudhui na fani.

Mwalimu akumbuke pia kwamba lafudhi huchekesha hata katika vichekesho vyetu, na kwamba yamkini darasani mwake ameketi mwanafunzi wa jamii inayochekwa. Mwanafunzi huyo akinyamaza wakati wenzake wanacheka, mwalimu asiharakishe kusema kwamba amejitenga.